Nani Anamjibu Mwanafunzi wa Mbali?

Zamani, mtu wa Handeni aliyetamani kusoma zaidi ya pale alipoishia alikuwa na njia moja tu: kufunga mzigo na kuondoka. Aliliacha shamba, akawaacha wazazi na watoto, akaenda kukaa Korogwe, Tanga au Dar es Salaam mpaka amalize. Asiyeweza kuondoka hakusoma, na wengi wa wasioweza kuondoka walikuwa wanawake. Leo mwalimu wa shule ya msingi huko Kwamsisi aweza kusomea shahada bila kuwaacha wanafunzi wake. Binti wa Magoma aliyekatisha kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito aweza kurudi kwenye vitabu huku mtoto wake yu mgongoni. Masomo yanawafuata walipo, kwa vijitabu, kwa redio, na sasa zaidi kwa simu.

Jambo hili tunalipokea kwa shukrani. Hata hivyo hatuna budi kuuliza swali ambalo matangazo ya vyuo hayaliulizi. Mwanafunzi akiisha kulipa ada, akapewa neno la siri la kuingilia mtandaoni, akafungua somo la kwanza usiku baada ya watoto kulala, kisha akakwama katika ukurasa wa tatu, nani atamjibu?

Mwandishi wa maneno haya ana kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilijiandikisha katika masomo ya posta. Vijitabu vilifika vikiwa vimefungwa vizuri kwa kamba. Kazi ya kwanza niliiandika kwa mwanga wa kibatari kwa usiku kadhaa, nikaipeleka posta Korogwe kama mtu anayepeleka mahari. Miezi minne ilipita. Bahasha iliporudi, ndani yake mlikuwa na karatasi zangu zilezile, na juu yake namba moja kwa wino mwekundu: 41. Hapakuwa na neno jingine. Sikujua nilikosea wapi, wala ni lipi nililopatia. Kazi ya pili niliituma kwa kusitasita. Ya tatu sikuituma. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilishindwa kwa uvivu wangu. Sasa nadhani nilishindwa pia kwa sababu upande wa pili wa bahasha hapakuwa na mtu aliyesema nami.

Tunasema hivi kwa kuwa elimu ya masafa, tangu chimbuko lake, haikukusudiwa kuwa elimu ya upweke. Isaac Pitman alipoanza kufundisha hati mkato kwa njia ya posta huko Uingereza mwaka 1840, wanafunzi walimtumia kazi zao kwa kadi, naye akazisahihisha na kuzirudisha. Somo lilikuwa katika yale masahihisho. Kadi peke yake ingekuwa karatasi tu.

Nasi hapa Tanzania tunayo historia yetu, tena si ndogo. Mwaka 1973 nchi iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wengi wanaikumbuka redio, lakini waliosahauliwa ni viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofunzwa kwanza kabla ya matangazo kuanza. Watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi, kisha kiongozi akauliza: tumesikia nini, na sisi hapa kijijini tutafanya nini? Ndipo vyoo vilipochimbwa na majani yaliyokaribisha mbu yakafyekwa. Redio ilileta habari. Kazi ya kufundisha ilifanywa na yule aliyeketi nao chini ya mwembe.

Baadaye likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililodai elimu ya msingi kwa kila mtoto katika muda wa miaka mitatu. Walimu hawakuwapo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Kuanzia mwaka 1976 makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakaingizwa katika ualimu kwa njia ya masafa. Walifundisha sehemu ya siku, na saa zilizobaki walisoma vijitabu vya posta na kusikiliza vipindi vya redio. Juu ya hayo alikuwapo mkufunzi wa kuzunguka, aliyekwenda kutoka kituo hadi kituo kuwasikiliza, kuwasahihisha na kuwatazama wakifundisha. Walidhihakiwa sana, walimu wale wa UPE. Lakini utafiti wa Mählck na Temu, uliochapishwa mwaka 1989 na Taasisi ya Kimataifa ya Mipango ya Elimu ya UNESCO, uliwalinganisha na wenzao waliosomea vyuoni, na haukukuta lile pengo kubwa ambalo dhihaka za watu zingetufanya tulitarajie. Baadhi yetu tunaosoma ukurasa huu tulifundishwa kusoma na mikono ile.

Tumelikumbusha jambo hili si kwa kutamani kurudi nyuma. Yule mkufunzi wa kuzunguka alichoka, alikosa vifaa, na kwa hakika wapo vituo ambavyo hakufika. Tunalikumbusha kwa sababu nchi maskini, iliyokuwa na haraka kubwa, iliona kwamba haiwezi kumwachia kijana kijitabu na redio peke yake. Sasa tunao mtandao unaofikisha neno Handeni kwa kufumba na kufumbua. Je, twaweza kukubali kufanya pungufu ya pale?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993, kwa nia njema ya kumfikia yule ambaye milango ya vyuo vingine ilimfungia. Kina vituo mikoani, na cha mkoa wetu kipo Tanga mjini. Kwa mtu wa Korogwe hizo ni zaidi ya kilomita 80. Kwa mtu wa Handeni mjini zinaongezeka kilomita 65 hivi za kufika Korogwe kwanza. Na kwa mtu wa vijiji vya ndani, kabla ya hapo ipo bodaboda, na mvua ikinyesha hata bodaboda haipo. Basi yule ambaye hawezi kwenda kituoni kila anapokwama, mkufunzi wa mtandaoni ndiye kituo chake. Mkufunzi huyo akinyamaza, kituo kimefungwa.

Vivyo hivyo kwa walio chini ya chuo kikuu. Mnamo Novemba 2021 Serikali iliondoa zuio lililowakatalia wasichana waliopata ujauzito kurudi katika shule za kawaida. Pamoja na hayo, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huendesha elimu ya sekondari kwa njia mbadala, ambamo masomo ya miaka minne hufupishwa kuwa miwili, mwanafunzi akafanya Mtihani wa Maarifa na hatimaye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tafadhali lifikirieni hilo: miaka minne kwa miwili, kwa binti mwenye mtoto mchanga, tena baada ya kukaa nje ya shule kwa muda. Huyu ndiye anayehitaji mwalimu wa kumjibu kuliko wote, naye ndiye mara nyingi hupewa saa chache kuliko wote.

Wako watakaosema: mtu mzima hujisomea mwenyewe, penye nia pana njia. Nao watatutajia Nelson Mandela, aliyepata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 kwa masomo ya posta, angali kifungoni. Ni kweli, na tunamheshimu. Lakini haki haijengwi kwa kipimo cha watu wa ajabu. Mafunzo ya bure ya mtandaoni yalipotangazwa kwa shangwe kubwa huko Marekani mwaka 2012, watu walijiandikisha kwa mamia ya maelfu, na waliofika mwisho walikuwa wachache sana. Wengi wa hao walikuwa na umeme na kompyuta. Kilichokosekana kwa wengi wao ni mtu wa kugundua kwamba wametoweka.

Kazi ya kwanza ya mkufunzi wa mtandaoni ni hiyo: kugundua nani hayupo. Darasani mwalimu huona dawati tupu. Mtandaoni dawati tupu halionekani. Mwanafunzi aliyekata tamaa na mwanafunzi anayesoma kimya wanafanana. Mkufunzi mwema hatungoji tumwandikie. Katika majuma mawili ya kwanza hupitia orodha yake, na yule ambaye hajaingia hata mara moja humtumia ujumbe au humpigia simu. Mara nyingi sababu ni ndogo: amesahau neno la siri, au hajui pa kubonyeza, au anaona aibu. Jambo la dakika tano likiachwa mwezi mmoja huwa ndio mwisho wa masomo.

Kazi ya pili ni kusahihisha kwa maneno. Msomi wa Uswidi, Börje Holmberg, alifundisha kwa miaka mingi kwamba masomo ya masafa yanapaswa kuwa mazungumzo ya kirafiki yanayomwongoza mwanafunzi. Naye Michael Moore alieleza kwamba umbali unaodhuru elimu si ule wa kilomita. Ni ule wa kutoelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, nao waweza kuwapo hata ndani ya chumba kimoja. Tumeona maneno hayo yakitimia kwa wema. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi upande wa Handeni, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alitusomea ujumbe aliopelekewa na mkufunzi wake, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza. Ulianza hivi: “Shikamoo mzee wangu. Kazi yako nimeisoma mara mbili. Sehemu ya pili umeeleza vizuri kwa mfano wa soko la Chanika. Sehemu ya tatu umerudia maneno ya kitabu. Nieleze kwa maneno yako mwenyewe, hata kwa sauti ukipenda, kisha tutaandika pamoja.” Mzee yule alijibu kwa sauti, kwa Kiswahili, akiwa amekaa nje ya darasa lake. Siku ya pili yake kijana akamwonyesha namna ya kuyaweka maelezo yale katika Kiingereza cha kitaaluma.

Hapo tumegusa jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Wengi wa wanafunzi hawa walisoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, wengine walianza maisha kwa Kizigua au Kisambaa, na vitabu wanavyopelekewa vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anapoandika vibaya mara nyingi anaelewa. Tatizo ni kwamba hajapata mlango wa kulitoa analolielewa. Kijitabu hakiwezi kulitambua hilo. Mkufunzi anayezijua lugha zote mbili, na asiyemdharau mtu kwa ajili ya Kiingereza chake, ndiye anayeweza kumfungulia.

Siku hizi zimekuja programu za akili mnemba, ambazo mtu huziuliza swali nazo zikajibu papo hapo, usiku wa manane, bila kuchoka. Hatusemi zipuuzwe, zimewasaidia baadhi. Lakini programu hizo wakati mwingine hutunga jambo lisilokuwapo na kulisema kwa ufasaha uleule wa jambo la kweli, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana kipimo cha kulitenga moja na jingine. Tena hazitamuuliza mbona wiki hii umenyamaza, mtoto anaumwa? Chuo kinachotaka kuweka programu mahali pa mkufunzi ili kipunguze gharama, kisha kikadai ada ileile, kinamwonea mwanafunzi.

Tuwe wa haki kwa pande zote. Mkufunzi naye ana malalamiko, na mengi ni ya kweli. Amepewa wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwajua. Anafundisha mchana darasani, na kazi ya mtandaoni huhesabiwa kama jambo la ziada lisilo na malipo wala nafasi katika ratiba. Mara nyingine bando ni la mfukoni mwake. Wachache walifunzwa namna ya kufundisha mtu wasiyemwona. Wengi walikabidhiwa mfumo wa mtandaoni na kuambiwa waendelee. Shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona tuliliona jambo hilo waziwazi: masomo yalipelekwa redioni na kwenye runinga, na watoto wengi vijijini walibaki na maswali yasiyo na pa kupelekwa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vikagawiwa baadaye kwa walimu wa shule za umma, jambo jema sana. Lakini kifaa mkononi mwa mwalimu hakimpi muda. Anayedai mkufunzi ajibu kwa siku mbili, na adai pia alipwe na apunguziwe mzigo.

Tuseme sasa yanayotuhusu sisi wenyewe, kwa maana ni rahisi kuvinyoshea kidole vyuo vilivyo mbali.

Kabla mtu hajauza mahindi yake kulipa ada, viongozi wa walei wamsaidie kuuliza. Je, chuo hiki kinatambuliwa? Kwa vyuo vikuu huulizwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa vyuo vya kati NACTVET. Kisha yafuate maswali ambayo watu husahau: mkufunzi wangu ni nani, ana wanafunzi wangapi, nikimwandikia atanijibu baada ya siku ngapi, na asiponijibu nimpelekee nani malalamiko? Chuo kinachojua kazi yake hakitaudhika kwa maswali hayo. Ofisi inayoona aibu kuyajibu imekwisha kuyajibu.

Pili, majengo yetu. Parokia nyingi zina ukumbi wenye umeme wa gridi au wa jua, unaokaa tupu kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Yako maeneo ambayo mtu hupanda kilima ili apate mtandao, na nyumba ambazo taa huzimwa mapema ili kubana matumizi. Jioni mbili kwa juma, meza chache, pa kuchajia simu, na mtu mmoja mwaminifu wa kufungua na kufunga mlango. Gharama yake si kubwa. Wasichana wapewe saa ambazo njia ingali na mwanga, na wenye watoto waruhusiwe kuja nao. Ukumbi uwe wa wote, pasipo kuuliza mtu anasali wapi.

Tatu, wastaafu wetu. Korogwe ni mji wa shule na wa chuo cha ualimu. Walimu wastaafu wako katika kila jumuiya, wengine wanashinda barazani na elimu yao yote. Hatuwaombi wachukue nafasi ya mkufunzi wa chuo. Tunawaomba wawe wa karibu: kukaa na binti anayejiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, kumsaidia kulitunga swali lake kabla ya kulituma, kwa maana aliyekwama sana huwa hajui hata aulize nini. Mkufunzi wa mbali akiletewa swali lililo wazi hujibu vizuri na upesi zaidi. Wawili hao wakishikana mikono, mwanafunzi ana kitu kinachokaribia shule.

Liko pia jambo la waume na wakwe. Tumesikia mara nyingi kwamba mke anayeshika simu usiku akisoma hushukiwa. Kuna wanaofichwa simu, na kuna walioacha masomo ili kulinda ndoa. Wanandoa walizungumze jambo hili mbele ya wazee wa jumuiya kabla halijawa ugomvi, na mume aonyeshwe kazi za mkewe, alama zake na barua za mkufunzi wake. Wengi huona fahari wakiisha kuziona.

Tume inaomba kwamba katika mkutano ujao wa kila jumuiya ndogo ndogo, katibu aandike idadi ya wanaosoma kwa njia ya masafa, wanaume na wanawake, pasipo kutaja majina yao, na walioacha waandikwe pia. Kila mmoja aulizwe swali moja: mara ya mwisho mkufunzi wako alikujibu lini? Majibu yakabidhiwe ofisi ya parokia, nasi tutayapeleka kwa wanaohusika. Watakaosema “hajawahi kunijibu” waulizwe pia walilipa kiasi gani.